Nuru ya Mpiga Mbizi Huanza Juu ya Maji

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa umma.)

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo na la mbali: namna ya kumpelekea mpiga mbizi nuru chini ya maji kwa waya mrefu utokao juu. Huenda yupo kati yetu anayejiuliza, je, sisi tulioshika chaki na sisi tulioshika kalamu latuhusu nini jambo hili? Wapiga mbizi wenyewe ni wachache, na taa zao wanazijua wao.

Jibu langu ni kwamba latuhusu sana. Nchi yetu ina bahari upande wa mashariki, na upande wa bara ina Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Watu wetu husafiri juu ya maji hayo, huvua humo, na siku ya msiba hupotelea humo. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Lakini siku mbili baada ya ajali hiyo ya Ukara wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, alimokuwa amesalimika kwa hewa kidogo iliyobaki humo. Na kwa jirani zetu wa Mombasa, tarehe 29 Septemba, 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na watu wawili. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita zipatazo 58.

Sisemi kwamba taa peke yake ingeligeuza matokeo ya misiba hiyo. Nasema kwamba mtu anapotafutwa ndani ya chombo kilichozama, anayemtafuta hufanya kazi gizani, na kila dakika ina thamani yake. Taa ya mtafutaji huyo haikuangukia mikononi mwake kutoka mbinguni. Kuna aliyeandika barua ya kuiagiza, kuna aliyetia sahihi fedha itoke, na kuna mwalimu aliyemfundisha fundi sheria ya umeme, au aliyeshindwa kumfundisha ikamwingia. Hao ndio sisi tuliomo humu ukumbini.

MAJI HULA NURU

Kwanza tuelewane kwa nini taa inahitajika hata mchana. Maji hula nuru, nayo huila kwa kuchagua. Rangi nyekundu ndiyo inayotoweka mapema. Katika bahari safi, mtu akifika mita 10 nyekundu imekwisha fifia kabisa, na akifika mita 30 karibu kila kitu kimekuwa cha buluu. Mpiga mbizi akijikata kidole katika kina hicho, damu yake huiona ni ya kijani kilichopauka. Akiwasha taa tu, nyekundu hurudi pale pale. Rangi ilikuwapo, nuru ya kuionyesha ndiyo iliyokosekana.

Hayo ni ya bahari safi. Katika maziwa yetu, katika midomo ya mito, na katika milango ya bandari ambako mkondo hutibua tope, mambo ni magumu zaidi. Humo mpiga mbizi aweza asione mkono wake mwenyewe. Wala si kila taa itamfaa. Akiifunga taa kali kipajini mwake, vumbi la tope lililo mbele ya macho hurudisha nuru yote usoni pake, akawa kama dereva awashaye taa kubwa katika ukungu wa milima ya Usambara. Taa hufaa zaidi ikisimama kando, mbali na macho, ikimulika kazi kutoka upavuni. Kwa ajili hiyo, tangu zamani, wanaofanya kazi za muda mrefu chini ya maji wamependelea taa kubwa inayoteremshwa kwa kamba na waya wake yenyewe, mbali na kichwa cha mtu.

WALIOTUTANGULIA

Historia ya jambo hili ni ya watu wasiokata tamaa. Mwaka 1893, Louis Boutan, mwanasayansi wa Kifaransa, alianza kupiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Ili apate nuru alitumia pipa lililojazwa oksijeni, na juu yake taa ya kuchoma unga wa madini ya magnesi. Tunaweza kutabasamu leo tukilifikiria pipa lile, lakini yeye alikuwa amekwisha lishika swali lenyewe: kama jua halifiki, nuru hapana budi iletwe.

Mwaka 1930, Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walianza kuteremka baharini karibu na Bermuda ndani ya tufe la chuma lenye upana usiozidi mita moja na nusu. Tufe lilining'inia kwa kamba ya chuma, na pembeni mwa kamba hiyo ulishuka waya uliovikwa mpira, ukibeba simu na umeme wa taa kutoka juu. Tarehe 15 Agosti, 1934, walifika mita 923, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kwa jicho la binadamu, na taa yao ikamulika kupitia dirisha la kioo kigumu cha kwozi. Nuru iliyowaonyesha samaki wasiopata kuonwa na mtu ilitengenezwa na mashine iliyokuwa ikinguruma juu, mchana wa jua kali.

Baada yao Jacques-Yves Cousteau na wenzake, katika filamu yao iliyotuzwa huko Cannes mwaka 1956, waliwaonyesha walimwengu rangi za kilindini kwa taa kubwa zilizopata umeme kutoka melini kwa nyaya. Na ilipofika tarehe 1 Septemba, 1985, mabaki ya meli ya Titanic yaligunduliwa katika kina cha mita zipatazo 3,800 na chombo kisicho na mtu, chenye kamera na taa, kilichokokotwa na meli kwa waya mrefu.

Kwa hiyo jambo hili si geni, wala si la miujiza. Kinachotofautisha waliofanikiwa na walioshindwa ni kitu kimoja: waliofanikiwa waliuhesabu waya kuwa nusu ya taa.

WAYA NI MLAJI

Hapa nawageukia ndugu zangu walimu. Sheria inayotawala jambo hili ilitangazwa mwaka 1827 na mtu wa kazi yenu. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya mjini Köln, Ujerumani. Wakubwa wa elimu wa nchi yake waliipokea kazi yake kwa ubaridi, na ilikuwa mwaka 1841 ndipo Royal Society ya London ilipomtunukia nishani ya Copley. Sheria yake twaweza kuieleza hivi: umeme ukipita katika waya, sehemu ya msukumo wake hupotea njiani, na kadiri mkondo ulivyo mkubwa, na kadiri waya ulivyo mrefu na mwembamba, ndivyo kinachopotea kinavyozidi. Bandu bandu huisha gogo.

Natuchukue mfano na tuuhesabu pamoja. Tuna taa ya wati 100, ya volti 12 kama zile za gari. Betri iko ndani ya mtumbwi, na taa iko mita 50 chini. Waya wetu ni wa shaba, wenye unene wa milimita za mraba 1.5, kama ule unaotumika kwa taa za nyumbani. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 100, si 50. Wengi hukosea hapo hapo. Ukinzani wa njia hiyo ni omu 1.17 hivi.

Taa ya wati 100 kwa volti 12 hudai mkondo wa ampea 8.3. Zidisha ampea 8.3 kwa omu 1.17, utapata volti 9.7. Maana yake, ili taa ipate haki yake, waya ungedai volti 9.7 kati ya 12 tulizonazo, yaani asilimia 81! Ni dhahiri kwamba jambo hilo haliwezekani. Kitakachotokea ni kwamba taa itapata volti zisizofika 7, uzi wa balbu utageuka mwekundu kama kaa linalozimika, na nuru itakayotoka haitafika hata moja ya tano ya ile iliyoandikwa kwenye kasha. Fundi atailaumu taa. Mhasibu ataulaumu mtambo. Betri italaumiwa pia. Waya uliokula nguvu yote utakaa kimya, umejikunja ndani ya mtumbwi, na hakuna atakayeutazama.

Sasa tubadili kitu kimoja tu. Tutumie taa ya wati 100 hiyo hiyo, lakini ya volti 24. Mkondo unaodaiwa unashuka hadi ampea 4.2, na sehemu inayodaiwa na waya inakuwa asilimia 20. Tupande tena hadi volti 48: mkondo ni ampea 2.1, na waya unadai asilimia 5 tu. Wati ni zile zile na waya ni ule ule. Kila tulipozidisha volti mara mbili, hasara ya waya ilipungua mara nne: 81, 20, 5. Mwanafunzi akizishika tarakimu hizo tatu, ameelewa pia kwa nini umeme wa Kidatu, bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa volti 220,000, na kwa nini ule wa Bwawa la Julius Nyerere hupelekwa Chalinze kwa volti 400,000. Mtumbwi wenye taa na gridi ya taifa vinatii sheria moja.

NJIA TATU

Basi, mwenye waya mrefu ana njia tatu za kutokea.

Njia ya kwanza ni kuunenepesha waya. Ili ile taa ya volti 12 ipoteze asilimia 5 tu, tungehitaji shaba ya milimita za mraba 25 hivi. Shaba hiyo peke yake, kabla ya kuvikwa mpira, ina uzito wa zaidi ya kilo 22, ambapo ile nyembamba haifiki hata kilo moja na nusu. Fikirini gharama yake. Halafu mfikirieni mtu aliye majini anayeukokota mzigo huo huku mkondo wa maji ukimvuta. Njia hii hufaa pale waya ulipo mfupi.

Njia ya pili ni kupandisha volti, kama tulivyoona. Ndiyo iliyochukuliwa na vyombo vikubwa vya kilindini: umeme hupelekwa kwa volti nyingi, kisha hupunguzwa na kifaa kilicho chini, karibu na taa. Lakini volti zikipanda, hatari nayo hupanda, na nitaieleza punde.

Njia ya tatu ni kupunguza njaa ya taa yenyewe, na hapa elimu ya miaka ya karibuni imetusaidia mno. Taa za LED, ambazo sasa zimeenea hadi vijijini, hutoa nuru nyingi kwa wati chache. LED ya wati 25 yaweza kutoa nuru sawa na balbu ya uzi ya wati 100, au hata kuizidi. Turudi kwenye waya wetu ule mwembamba wa mita 50: kwa volti 24, LED ya wati 25 huvuta ampea moja na kidogo, na waya hula asilimia 5 tu. Tumepata kwa volti 24 kile ambacho kwa balbu ya zamani kilitutaka volti 48.

Hata hivyo yafaa mafundi waonywe kwamba LED nyingi zina tabia yao. Balbu ya uzi ikipata volti pungufu hufifia kwa adabu. LED yenye kifaa cha kutuliza mkondo haikubali kupunjwa: volti zikishuka, yenyewe huzidi kuvuta mkondo ili ipate wati zake. Mkondo ukizidi, waya hula zaidi. Waya ukila zaidi, volti hushuka tena. Mwishowe taa huanza kupepesa, au huzima kabisa. Kwa waya wetu ule, volti 12 haziwezi kufikisha chini zaidi ya wati 31, hata tufanyeje. Atakayefunga hapo LED ya wati 40 amejinunulia giza.

Mtu aweza kuuliza: kwa kuwa sasa kuna betri ndogo zenye nguvu, ambazo mpiga mbizi huzibeba mkononi, waya wa nini tena? Ni swali la haki. Kwa kazi ya nusu saa, taa ya betri inatosha, na ni bora kwa kuwa haimfungi mtu. Lakini kukagua nguzo za daraja, kuziba ufa wa lango la bwawa, kukata chuma cha meli iliyozama, au kutafuta watu usiku kucha, ni kazi za saa nyingi. Taa kubwa ya betri huisha baada ya saa chache. Taa ya waya hudumu maadamu mashine iliyo juu inapata mafuta.

UMEME NA MAJI

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi mtu yeyote aondoke hapa bila kulisikia. Volti 230 za jenereta ya kawaida zingelifuta tatizo letu la waya mara moja, kwani hasara isingefika hata nusu ya asilimia moja. Kwa sababu hiyo hiyo kishawishi ni kikubwa: kuna jenereta, kuna waya, kuna taa, mtu ataviunganisha na kuvitumbukiza. La hasha! Huo ni mtego wa kifo.

Mwili wa binadamu uliolowa maji hauna kinga. Na katika maji baridi ya ziwa, ambayo hayapitishi umeme vizuri kama maji ya chumvi, mwili wenyewe huwa njia nyepesi kuliko maji yaliouzunguka, na umeme uliovuja huweza kupita humo. Mshtuko usioweza kumwua mtu wa nchi kavu waweza kuikaza misuli ya mpiga mbizi, akaachia mrija wake wa hewa, akazama. Viwango vya kimataifa vya mabwawa ya kuogelea haviruhusu taa iliyo ndani ya maji wanamoogelea watu ipewe zaidi ya volti 12 za umeme wa kupishana, au 30 za umeme wa moja kwa moja. Ikiwa tahadhari hiyo ni kwa waogeleaji wanaojiburudisha, je, kwa mfanyakazi aliye mita 30 chini?

Kwa hiyo, anayetumia volti kubwa zaidi sharti awe na mitambo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: transfoma inayoutenga umeme wa taa na ule wa mashine, kifaa kinachoukata umeme chenyewe, kwa chini ya nukta moja, pindi miliampea 30 tu zinapovuja, na kipimo cha kuonyesha kwamba mpira wa waya haujatoboka. Asiye na vitu hivyo na abaki kwenye volti ndogo za betri, atumie LED. Nuru yake itakuwa ndogo kidogo, lakini mtu wake atarudi nyumbani.

Na liko jambo jingine ambalo husahauliwa. Jenereta hutoa moshi wenye sumu. Wapiga mbizi wanaopata hewa kutoka juu huipata kwa mashine ya kusukuma hewa. Jenereta ya taa ikiwekwa upande utokako upepo, moshi wake huvutwa na mashine ile na kupelekwa moja kwa moja katika mapafu ya mtu aliye chini. Yatupasa kuuliza upepo unatoka wapi kabla hatujawasha chochote.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Waya wa majini una maadui ambao waya wa nyumbani hauwajui. Adui wa kwanza ni uzito. Kila mita 10 za maji huongeza msukumo wa takriban kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Mita 50 chini, kila kiungo kinabanwa na kilo 5 juu ya kila sentimita, mchana na usiku. Ufa usioonekana kwa macho huyaingiza maji. Nayo yakisha ingia hutambaa ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba, hata yakatokea mahali pengine kabisa. Kwa hiyo jeraha la waya halizibwi kwa utepe wa dukani.

Adui wa pili ni mkondo wa maji, unaoukamata waya mrefu kama upepo unavyolikamata tanga. Shaba haikuumbwa kuvuta mzigo. Kazi ya kuvuta ni ya kamba, na waya hufungwa sambamba na kamba hiyo ukiwa umelegea kidogo. Wapiga mbizi wa kazi nzito hufunga pamoja mpira wa hewa, kamba, waya wa simu na waya wa taa, na wenzetu wa Ulaya wamelipa fungu hilo jina la kiungamwana, ule mrija unaomuunganisha mtoto na mama yake tumboni. Sioni jina lililo sahihi zaidi. Na mwenye kushika ncha ya juu ya kiungamwana hicho, anayekilegeza na kukikaza, anayezisikiliza ishara, ni mfanyakazi kamili. Hafai kuwa mpita njia aliyeambiwa, "Hebu shika hapa."

Adui wa tatu ni kusahau. Maji ya chumvi hula shaba na viungo vyake. Waya usiosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini baada ya kazi umekwisha anza kufa. Utakapohitajiwa miezi sita baadaye, usiku wa msiba, utakuwa maiti ndani ya sanduku.

Mwisho, waya mmoja ni tegemeo moja. Zanzibar wanalijua somo hili. Tangu mwaka 1980 kisiwa cha Unguja kilipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei, 2008, njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Iliharibika tena Desemba 2009, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Mpiga mbizi naye asimtegemee wa juu kwa kila kitu: hata akiwa na taa kubwa ya waya, kifuani awe na taa yake ndogo ya betri, ya kumwonyesha njia ya kurudi kubwa ikizimika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na aliye kilindini hufa kweli.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu, mazungumzo yasiyotufikisha kwenye tendo ni porojo. Nina maombi mawili.

Ombi la kwanza ni kwa walimu. Mnaweza kuifundisha sheria ya Ohm bila maabara. Chukueni betri ya gari, balbu ya volti 12 na robota la waya mwembamba. Iwasheni balbu kwa waya wa mita moja, darasa lione. Kisha iwasheni kwa robota lote, waya ukienda hadi mwisho wa uwanja wa mpira na kurudi. Wanafunzi wataiona balbu ikififia kwa macho yao. Wapeni kipimo wazipime volti kwenye betri na kwenye balbu, wahesabu zilikokwenda zile zilizopotea. Mtoto aliyeliona jambo hilo mara moja hatadanganywa na kasha la taa katika maisha yake.

Ombi la pili ni kwa watumishi wa umma, hasa wa wilaya zilizo kando ya maji. Barua ya kuagiza taa za uokoaji ikifika mezani, msitie sahihi kabla hamjapata majibu ya maswali manne. Waya una urefu gani na unene gani, na taa itapata volti ngapi ukiwa umenyooshwa wote? Umeme ukivuja, ni kifaa gani kitakachoukata, na nani hukipima? Nani amefunzwa kuushika waya huo juu, na mara ya mwisho alifanya mazoezi lini? Na baada ya kazi, utatunzwa wapi na nani?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Yanahitaji mtu anayekumbuka kwamba mwisho wa waya ule kuna binadamu mwenzake, gizani, anayempapasa binadamu mwingine. Taa nzuri yenye waya mbovu ni fedha ya umma iliyotupwa majini. Na bei nafuu ya siku ya kununua hulipwa kwa machozi siku ya kuokoa.

Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba hata kinachong'ara kilindini kimeundwa, na sehemu kubwa ya kuundwa kwake hufanyika huku juu: darasani, ofisini na katika chombo kinachoelea. Tukiifanya sehemu yetu sawasawa, aliye chini ataweza kuifanya ya kwake.